Fosforasi imo, imeshikwa tu: namna ya kuitoa kwenye udongo mwekundu wa nyanda za juu

Wateja wanaokuja kuchukua miche kwangu, hapa Njombe njia ya kuelekea Uwemba, karibu wote huuliza swali moja kuhusu DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi: "Mama, DAP niweke vifuniko vingapi kwa shimo?" Na mimi huwajibu kwa swali: tindikali ya udongo wako umeipima lini? Wengi hucheka. Wanaweka kifuniko kimoja, msimu unaofuata viwili, na bado kabichi zinadumaa, vitunguu vinabaki na shingo ya uzi, mahindi ya uani yanageuka zambarau. Hela imezama ardhini, na kinachokera ni kwamba ipo pale pale, haijaenda kokote.

Mimi kwa kuzaliwa ni wa Kyela. Kule mto ukifurika unakuletea rutuba hadi mlangoni, hakuna anayezungumzia chokaa. Nilipoolewa huku Ubena ilibidi nijifunze kulima upya, na ninayoandika hapa ni ninavyofanya kwenye bustani yangu ya udongo mwekundu wa baridi. Ukiwa Mafinga, Makete au Ludewa, mengi yatakufaa. Ukiwa Tukuyu kuna tofauti nitakayoitaja. Ukiwa Usangu, soma kwa tahadhari, maana kinachoishika fosforasi huko mara nyingi ni kingine.

Nani ameishika

Udongo mwekundu una fosforasi. Kilo moja ya udongo mara nyingi hubeba miligramu mia kadhaa. Shida ni kwamba iliyo kwenye maji ya udongo, ile ambayo mzizi unaweza kuinyonya leo, haifiki hata asilimia 1 ya hiyo akiba. Sehemu kubwa imeng'ang'aniwa na chuma na alumini. Wekundu unaouona kwenye kuta za nyumba za tofali na kwenye soksi za watoto wa shule ni chuma hicho hicho. Nyingine imo ndani ya mabaki ya mimea na wadudu, inasubiri vijidudu viioze.

Ndiyo maana ukiweka mbolea ya fosforasi, zao la msimu ule kwa kawaida huambulia asilimia 10 hadi 25 tu. Inayobaki inashikwa. Udongo wetu unashika fosforasi kama duka la kijijini linavyoshika chenji: yako ipo, lakini leo huipati.

Kadiri tindikali inavyozidi, ndivyo chuma na alumini vinavyozidi kushika. pH ni kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inapanda. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi, minene, kama imekatwakatwa. Hapo umepata hasara mara mbili, kwa sababu fosforasi haitembei. Nitrojeni hufuata maji, lakini fosforasi husogea milimita chache tu, kwa hiyo ni mzizi unaopaswa kuifuata. Mzizi uliovia hauifikii.

Sasa kuna ushauri unaozunguka kwenye simu: mwagia siki, mwagia maji ya limau, nyunyiza salfa, ili tindikali iyeyushe fosforasi. Ushauri huo si wa uongo, ila ni wa mahali pengine. Ni wa nchi kavu zenye udongo wa chokaa, ambako anayeshika fosforasi ni kalsiamu. Hata kwetu kusini kuna maeneo ya hivyo. Kwenye tambarare za Usangu kuna sehemu utaona chumvi nyeupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi. Huko tindikali kidogo inaweza kusaidia. Kwenye udongo wa Njombe, kumwaga siki ni kumpa nguvu yule yule anayekunyima. Mwanzo wa kazi yote ni kujua uko upande gani.

Kupima, na kukisia kwa macho

Njia bora ni maabara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, kinapima udongo, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kufikisha sampuli. Chukua udongo kutoka sehemu kama kumi za bustani kwa mwendo wa kona kona, kina cha sentimita 20, usichote pale lilipokuwa rundo la samadi wala mlipochomea takataka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, pima nusu kilo. Ndoo ya bati iliyoshika kutu iache nyumbani.

Ukipeleka, uliza vitu viwili: pH, na fosforasi inayopatikana. Udongo wenye tindikali hupimwa kwa njia iitwayo Bray. Ule wenye pH zaidi ya 7 hupimwa kwa Olsen. Namba za njia hizi mbili hazilinganishwi, kwa hiyo usichukue cheti cha shemeji yako wa Mbarali ukafananisha na chako.

Kama maabara iko mbali, angalia kinachoota. Chai hupenda tindikali. Palipo na mashamba ya chai, kama Luponde au Mufindi, udongo wa jirani hauwezi kuwa mbali sana na hali hiyo. Na kuna ua la haidrenjia, lile la mashada makubwa ambalo watu hupanda mbele ya nyumba. Likitoa maua ya buluu, mmea unanyonya alumini, yaani udongo ni wa tindikali. Likitoa ya waridi, tindikali ni ndogo. Lile jeupe halisemi chochote. Mimi hutazama ua la mwenye nyumba kabla hata sijaangalia kabichi zake, na mara nyingi linatosha kuanzia maongezi.

Rangi ya zambarau kwenye majani ya mahindi machanga ndiyo inayopotosha watu wengi. Ni kweli ni dalili ya njaa ya fosforasi, lakini huku Juni na Julai hata udongo wenye fosforasi ya kutosha utatoa zambarau, kwa sababu mizizi kwenye ardhi ya baridi hainyonyi vizuri. Jua likirudi na majani mapya yakatoka ya kijani, ilikuwa baridi. Yakiendelea kuwa zambarau hadi Oktoba ilhali unamwagilia, hapo una kesi.

Ukitaka ushahidi wako mwenyewe, nunua TSP kidogo, mbolea ya fosforasi isiyo na nitrojeni, dukani kwa pembejeo. Usitumie DAP kwa jaribio hili, kwa sababu ina nitrojeni ndani na hutajua kipi kimefanya kazi. Panda mstari mmoja wa mahindi au maharage. Nusu ya mstari weka TSP shimoni, nusu nyingine usiweke, mengine yote yawe sawa. Nusu yenye TSP ikiipita nyingine waziwazi ndani ya wiki nne hivi, njaa ni ya fosforasi. Zikilingana, pesa yako itafute tatizo lingine.

Chokaa kwanza, ila si kwa mikono miwili

Ikiwa pH iko chini ya 5.5, anza na chokaa ya kilimo. Kiasi changu cha kuanzia ni gramu 200 kwa mita ya mraba, sawa na tani 2 kwa hekta. Kwa kipimo cha bustani, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ikate mdomo: chupa moja iliyojaa inatosha mita tatu za mraba. Tuta la mita moja kwa sita linakula chupa mbili. Nyunyiza wakati hakuna upepo, funika pua kwa kitambaa, kisha changanya hadi sentimita 15 au 20 kwa jembe. Chokaa iliyoachwa juu ya ardhi haiwezi kwenda kumtafuta alumini aliyeko chini. Fanya hivyo wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu.

Lengo ni pH kama 6, ikizidi sana 6.5. Ukivuka hapo, kalsiamu yenyewe inaanza kushika fosforasi, na zinki na boroni zinakuwa adimu. Nimeona bustani ya mtu aliyemwaga viroba kwa furaha. Majani ya mahindi yake yalitoka na michirizi myeupe.

Chokaa ya kupaka ukuta ni kali zaidi. Robo tatu ya kipimo kile inatosha, na usiishike kwa mikono mitupu. Majivu ya kuni nayo hupunguza tindikali, na yana potasiamu nyingi na fosforasi kidogo. Konzi moja au mbili kwa mita ya mraba kwa mwaka zinatosha. Ila chokaa na majivu usivichanganye na DAP, urea wala samadi mbichi siku moja. Harufu ile kali inayokupanda puani ni nitrojeni inayoondoka.

Tukuyu: udongo wenu wa majivu ya volkano chini ya mlima Rungwe ni mweusi, mwepesi, unapendeza mkononi, na unashika fosforasi kuliko hata huu wetu mwekundu. Isitoshe, unabishana na chokaa. Unaweka, pH inasogea kidogo tu. Huko nisingetegemea chokaa peke yake. Ningeweka nguvu kwenye hii sehemu inayofuata.

Majani mabichi na samadi

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na hapa ndipo ninapowaambia wateja wangu waache kuangalia mfuko wa dukani.

Majani na samadi vikioza hutoa tindikali laini za aina yake, kama ile ya limau, ambazo hukimbilia chuma na alumini na kukaa kwenye viti ambavyo fosforasi ingekalia. Fosforasi inakosa pa kushikwa, inabaki kwenye maji. Tindikali hizi ni tofauti na siki ya kumwaga: zinatolewa kidogo kidogo, kila siku, pale pale kwenye chembe ya udongo, na haziushushi udongo wako wote. Vilevile vijidudu vinavyoozesha majani hubeba fosforasi ndani ya miili yao, na vikifa huiachia karibu na mizizi, bila kumpa chuma nafasi.

Mmea ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii ni alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayojiotea pembeni mwa barabara na kwenye mipaka. Wataalamu huiita tithonia. Majani yake yakikaushwa yana nitrojeni karibu asilimia 3.5, fosforasi karibu 0.37 na potasiamu kama 4. Hiyo 0.37 ndiyo ya maana. Majani yenye fosforasi chini ya asilimia 0.25 hivi, kama mabua ya mahindi, vijidudu vikiyaozesha vinahitaji fosforasi zaidi ya iliyomo, kwa hiyo vinakopa kwenye udongo na mmea wako unasubiri. Alizeti pori inaachia tangu mwanzo.

Kata matawi laini kabla hayajatoa maua, acha miti migumu. Katakata kwa panga vipande vya urefu wa kiganja. Weka kilo 2.5 hadi 3 za majani mabichi kwa kila mita ya mraba, fukia kina cha jembe moja, subiri wiki moja hadi mbili, panda. Ni majani mengi. Kwa tuta moja la mita sita ni viroba viwili vya kushindilia. Kwa bustani ya uani inawezekana, kwa ekari itakuvunja mgongo. Kwa hiyo mimi nimeipanda kwenye mpaka wangu wote, nakata, inachipua. Kumbuka tu kwamba inabeba rutuba kutoka pale ilipoota. Ukikata mpaka huo huo miaka na miaka bila kurudisha kitu, nao utachoka.

Wamatengo wa Mbinga wamefukia nyasi kwenye ngoro zao, mashimo yenye kingo, vizazi kwa vizazi, kwenye miteremko ambayo mtu mwingine angeogopa hata kuisimamia. Wanalaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, wanafunika kwa udongo wa katikati, na maharage yanapandwa juu ya zile kingo. Ukitazama vizuri, ni kazi hii hii.

Kama una tuta unaloweza kulipumzisha, panda marejea, mmea wa jamii ya kunde, mwanzoni mwa mvua na uyafukie yanapoanza kutoa maua. Mizizi yake inashuka chini na kupandisha virutubisho. Mbaazi ni hodari zaidi: mizizi yake hutoa tindikali inayomvua chuma fosforasi moja kwa moja. Lakini mbaazi haipendi baridi yetu. Walioko chini kidogo, kama upande wa Pawaga au Ismani kule Iringa, ndio wafaidi. Huku juu mimi natumia njegere na maharage kwenye mzunguko, na najua ni wasaidizi wa kiasi.

Samadi ya ng'ombe iliyoiva: ndoo ya lita 20 kwa mita tatu au nne za mraba. Ya kuku ina fosforasi nyingi zaidi. Ndoo moja isambae mita kumi. Watu wengi siku hizi wanakusanya mkojo wa ng'ombe kwenye madumu na kuuona kama dawa ya kila kitu. Mkojo una nitrojeni na potasiamu, na ni mzuri, lakini fosforasi ya ng'ombe hutoka kwenye kinyesi. Ukitumia mkojo peke yake hujaligusa tatizo tunalozungumzia.

Minjingu, na mifupa ya supu

Minjingu ni fosfati inayochimbwa Manyara, karibu na ziwa, kwenye tabaka laini lililojaa mabaki ya mifupa ya ndege na samaki wa zama za kale. Ile ya unga, isiyochanganywa na kitu, ina P₂O₅, ndivyo fosforasi inavyoandikwa kwenye mifuko, kati ya asilimia 28 na 30 hivi. Haiyeyuki kwa maji kama DAP. Inayeyushwa na tindikali ya udongo, na sisi tindikali tunayo ya bure. Kwa hiyo ni mbolea iliyokaa kama imetengenezwa kwa ajili ya Njombe, ingawa inatoka mbali.

Watu hukosea kwenye namna ya kuiweka. DAP na TSP huwekwa mahali pamoja, karibu na mzizi, ili ziguse udongo kidogo iwezekanavyo na zisishikwe. Minjingu ni kinyume: isambaze na uichanganye vizuri, ili kila chembe iguse tindikali. Gramu 50 kwa mita ya mraba, yaani konzi moja iliyojaa, ni mwanzo mzuri. Ukiimwaga shimoni kwa lundo kama DAP, itakaa pale ikikutazama.

Pia usiweke Minjingu na chokaa kwenye tuta moja msimu mmoja. Chokaa inaondoa ile tindikali ambayo Minjingu inaitegemea. Mimi natenga: matuta ya vitunguu, karoti na kabichi napeleka chokaa na TSP kidogo, matuta ya mahindi, viazi mviringo na miti ya matunda napeleka Minjingu bila chokaa. Viazi mviringo havipendi chokaa hata hivyo, ugonjwa wa magaga huongezeka. Kama huwezi kutenga, tanguliza Minjingu, chokaa ije mwaka unaofuata.

Njia nyingine ni kuipitisha kwenye mboji. Rundo la mita ya ujazo moja, nyunyizia kilo 2 au 3 za Minjingu kati ya tabaka za samadi na majani, loanisha, geuza kila baada ya wiki mbili tatu. Inatoka ikiwa imeanza kuyeyuka.

Mwamba wa Panda Hill pale Songwe nao una fosfati, na kila mara mtu huniuliza mbona tusitumie wa karibu. Ule ni mwamba uliotokana na volkano, fuwele zake ni ngumu, ukisagwa na kutiwa shambani hauyeyuki kwa kasi ya kumfaa mkulima. Uacheni huko.

Mifupa ni Minjingu ya jikoni. Ukiwa karibu na banda la supu au bucha, omba. Choma kwenye moto mkali hadi ivunjike kwa nyundo ndogo, twanga kwenye kinu usichotwangia chakula, chekecha, tumia kama Minjingu: sambaza, changanya, kwenye udongo wa tindikali tu. Mifupa ya mnyama aliyekufa mwenyewe porini au zizini usiiguse, achilia mbali kuitwanga. Kimeta hakina mchezo.

Kuweka kidogo, mahali panapostahili

Baada ya hayo yote bado mimi hutumia mbolea ya kupandia, ila kidogo. Kifuniko kimoja cha soda, kama gramu 5, kwa shimo la kabichi au mahindi kinatosha. Chimba, weka mbolea, funika kwa udongo wa vidole viwili uliochanganywa na konzi ya mboji, ndipo uweke mche. Mboji ile inakaa kati ya mbolea na udongo mwekundu. Mwaka wa kwanza wa tuta jipya nafuata hivyo kikamilifu, baadaye napunguza.

Kwenye kitalu ndipo fosforasi inapolipa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu udongo ni kidogo na mche ni mchanga. Mchanganyiko wangu ni udongo wa msituni sehemu mbili, mboji iliyopitishiwa Minjingu sehemu moja, mchanga nusu. Mche unaotoka na mizizi mingi unajitafutia wenyewe ukifika shambani.

Na maji. Udongo ukikauka, fosforasi haisogei hata zile milimita zake. Matandazo ya nyasi yanasaidia sana kiangazi. Lakini Juni na Julai mimi huyasogeza mbali na miche asubuhi ili jua lipashe ardhi, kisha nayarudisha hewa ikianza joto. Bila hivyo unahifadhi baridi.

Kuvu wanaofanya kazi usiku na mchana

Mizizi ya mimea mingi hushirikiana na kuvu wadogo wenye nyuzi nyembamba kuliko nywele. Nyuzi hizo hupenya mahali ambapo mzizi hautoshi, huleta fosforasi, na mmea huwalipa sukari. Vitunguu na karoti, ambavyo mizizi yake ni maskini, vinawategemea sana kuvu hawa. Mahindi na maharage pia.

Kabichi, figiri, chainizi na jamii yao yote hawana ushirika huo, spinachi vilevile. Tuta lililolimwa kabichi mfululizo linakuwa na kuvu wachache, na vitunguu vitakavyofuata vitaanza kwa kusuasua hata kama pH ni nzuri. Mimi baada ya kabichi naweka maharage au mahindi, ndipo vitunguu. Huku watu hufanya kinyume kwa sababu kabichi na vitunguu ndivyo vinavyouzika Makambako, nami siwalaumu, lakini kitunguu kinalipiza.

Kulima kwa kina kila msimu hukata nyuzi hizo. Ukishachanganya chokaa mara ya kwanza, misimu inayofuata palilia juu juu tu na uache mizizi ya zao lililopita ioze mahali ilipo. Vichupa vya bakteria wa kuyeyusha fosforasi vinavyouzwa siku hizi, sijaviona vikifanya kazi ambayo samadi na majani hayaifanyi, na samadi sinunui.

Vinyungu

Mama mkwe wangu hajawahi kuhitaji neno fosforasi. Yeye analima kinyungu bondeni, matuta marefu yaliyoinuliwa kati ya mifereji, mboga mbichi katikati ya kiangazi wakati sisi wa mlimani tunahangaika na ndoo. Anazika nyasi na magugu ya mwaka mzima chini ya tuta, na mboga zake huwa nyeusi kwa kijani.

Bonde lina siri yake. Ardhi ikijaa maji, hewa inatoka, chuma kinabadilika na kuyeyuka, na fosforasi kiliyoishika inaachiwa. Ndicho kinachowasaidia wakulima wa mpunga wa Mbarali pia. Ukiona utando wa rangi ya kutu kwenye maji ya mfereji, chuma hicho kimekutana na hewa na kugeuka tena. Sasa ukichimba mifereji mirefu sana, bonde likakauka kabisa, chuma kipya kinachojitokeza kinashika fosforasi upesi kuliko hata kile cha mlimani. Kwa hiyo kwenye kinyungu, toa maji ya kutosha mizizi kupumua, sentimita 30 au 40 chini ya uso wa tuta, usikaushe bonde zima. Na usiweke chokaa kabla ya kupima, kwani mabonde mengine hayana tindikali kali.

Unga mwekundu kama kutu ulioganda kwenye kuta za mfereji usiuchote kuurudisha juu ya tuta. Ni chuma kipya hicho, kina njaa.

Kupima tena

Rudisha sampuli maabara baada ya miaka miwili au mitatu, hasa kwa matuta yaliyo karibu na banda la kuku. Hayo hujikuta yamejaa fosforasi bila mwenyewe kujua, na ikizidi inaibana zinki: majani machanga ya mahindi yanatoka na mikanda myeupe pembeni mwa mshipa wa kati, watu wanadhani ni njaa ya mbolea, wanaongeza DAP. Cheti kikisema fosforasi iko juu, acha kabisa mbolea ya kupandia kwenye matuta hayo, samadi ya kuku ihamie upande wa pili wa bustani, na mboga upige CAN tu, mbolea ya nitrojeni isiyo na fosforasi, wakati wa kukuzia hadi utakapopima tena.